Mbinu za kujiokoa ziwani: zipi zinafaa, zipi zitakuangusha

Hapa mwaloni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, haipiti wiki bila kijana kuniletea simu. "Mama, hebu ona hii." Mtu kavua suruali akiwa ndani ya maji, kaifunga miguu, kaijaza hewa, sasa anaelea. Mwingine kajaza mchanga na mkaa kwenye chupa, kamimina maji ya tope, yametoka maangavu, anakunywa. Mwingine kawasha moto kwa betri na karatasi ya kung'aa ya bigijii, ile ya kutafuna. Vijana wangu ni wavuvi wa dagaa, giza lote la mwezi wanakesha ziwani, na vipande hivi wanaviamini kwa kuwa kila mara yule mtu anafanikiwa. Mimi ndiye tajiri, mitumbwi na nyavu ni vyangu, na mtu akipotea ni mimi ninayekwenda kukaa mbele ya mama yake. Ndiyo maana nimeweka utaratibu: mbinu haipandi mtumbwi wangu mpaka tumeijaribu wenyewe, kwa vitu tulivyo navyo. Nawaandikia tulichokiona, na namna ya kuandaa zile zinazofaa.

Kwanza, kujaribu kwenyewe. Ukijaribu mchana, umeshiba, maji yametulia, umevaa bukta, hujajaribu kitu. Vaa unavyovaa kazini: sweta, koti la mvua, buti. Jaribu jioni, baada ya kupiga kasia mpaka mikono ichoke. Maji yasizidi kifua, na pembeni asimame mtu mwenye dumu na kamba. Uliza wenyeji habari za mamba na kiboko kabla hujaingia. Chagua ufukwe wa wazi, mbali na matete, maana konokono wa kichocho hukaa kwenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda jioni. Kujifuta haraka kwa taulo hakukingi vya kutosha. Wakija wagawaji wa dawa za kichocho, meza.

Kuelea

Tuanze na suruali, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Si uongo. Wanamaji wa Marekani hufundishwa kujaza hewa kwenye nguo zao, lakini wanafundishwa bwawani, na ni watu ambao tayari wanaogelea. Kazi yenyewe ni hii: uivue suruali huku unaelea, ufunge ncha za miguu, upandishe zipu, uirushe juu ya kichwa ili idake hewa, kisha uzamishe kiuno chake na kukibana kwa mikono hewa isitoke. Mikono yote miwili ina kazi, miguu peke yake ndiyo inayokubeba. Vijana wanaojua kuogelea waliweza maji yalipotulia. Hata hapo hewa ilikuwa inavuja kwenye kitambaa, na kila baada ya muda mfupi walilazimika kuijaza upya. Upepo ulipoinuka kidogo, suruali ilijaa maji badala ya hewa. Wasiojua kuogelea hawakufika hata kwenye fundo la kwanza. Na ukweli wa kazi yetu ni kwamba wengi usiku wanavaa bukta ndani ya koti la mvua. Suruali yenyewe haipo. Kama unaogelea vizuri, jifunze, haina hasara. Lakini usimpeleke mtoto wa mwenzio ziwani kwa kutegemea suruali yake.

Dumu ni habari nyingine, na hapa naomba tukae kidogo. Dumu la njano la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba karibu kilo 19. Mtu mzima aliye ndani ya maji anahitaji kuongezewa kilo 3 hadi 6 tu ili kichwa kikae juu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake maji yameshaibeba. Kwa hesabu hiyo dumu moja linatosha watu wawili, hata watatu wakitulia. Shida yake ni kulishika. Dumu tupu linakaa juu juu, linazunguka, na kama lilikuwa la mafuta linateleza. Mwenye hofu analipandia kwa kifua, linageuka, anameza maji, analiachia, na upepo unaliondoa kwa kasi ambayo hakuna anayeogelea akaifikia. Hili nimeliona kwa vijana wenye nguvu kabisa.

Kwa hiyo liandae nchi kavu. Kata duara la mpira wa ndani wa baiskeli, liweke kwenye kifuniko, kaza. Lizamishe dumu huku ukitazama mdomo wake; ukiona mapovu, rudia au tafuta jingine. Kisha livishe kipande cha wavu chakavu wa sangara, wenye uzi mnene, ukivute kikaze na ukifunge pande zote. Vidole vilivyokufa ganzi vitapata pa kushika, na dumu halitelezi tena. Kwenye mkono wa dumu funga kamba ya urefu wa pima moja hivi, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, mwishoni uweke kitanzi kipana kinachoingia kichwa na mkono mmoja, kikae kwapani. Fundo la kitanzi liwe lile lisilokaza likivutwa, vinginevyo litamnyonga mtu. Mwisho, dumu lichomekwe chini ya ubao wa kukalia, lisifungwe kwenye mtumbwi. Kitu kilichofungwa hutakifungua gizani, chini ya maji, mawimbi yanakupiga.

Chupa za soda au maji nazo zinafaa. Nne za lita moja na nusu ni karibu kilo 6. Ziingize ndani ya fulana uliyoivaa na kuifunga kiunoni kwa kamba, zikae kifuani. Zikikaa mgongoni zitakulaza kifudifudi, na hapo zimekuwa adui. Magugu maji usiyategemee: hayabebi mtu, na mizizi yake inasokota miguu ya anayejaribu kupita.

Yote haya ni ya mtu aliyekosa jaketi la kuokolea. Jaketi lililovaliwa linayashinda yote, na nasema lililovaliwa, kwa sababu naona kwenye mitumbwi mingi jaketi limekuwa mto wa kukalia. Sponji iliyokaliwa miezi inabonyea, na haielei tena ilivyokuwa mpya.

Usipokuwa na kitu chochote mkononi, mbinu moja inabaki, na haihitaji nguvu: vua buti, lala chali, masikio yaingie majini, tumbo juu, mikono wazi, pumua taratibu. Dakika za kwanza mtu anahangaika na kuhema hovyo. Akizivuka hizo akiwa chali, anapata akili ya kutafuta mtumbwi uko wapi.

Usiuache mtumbwi

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji au ukipinduka kwa kawaida haushuki wote chini. Unabaki unaelea, kwa shida lakini unaelea, na ndicho kitu kikubwa ambacho watafutaji watakiona. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani. Mbinu ya "ogelea kuelekea taa" imetuzikia watu. Taa za nchi kavu usiku zinaonekana karibu kuliko zilivyo, na upepo wa usiku kwa kawaida hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo unaogelea dhidi yake. Mchana mara nyingi hugeuka na kuvuma kuelekea ufukweni. Aliyebaki na mtumbwi mpaka asubuhi ana nafasi ambayo aliyeondoka usiku hana.

Pandeni juu ya mgongo wa mtumbwi kadiri mnavyoweza. Maji ya ziwa letu ni ya nyuzi 24 hadi 27, si baridi ya kuua kwa dakika, ila maji huuvuta joto la mwili haraka kuliko hewa, na baada ya masaa vidole havikunji tena. Wasiopata nafasi juu wakumbatiane, magoti yapandishwe, mwembamba kuliko wote akae katikati.

Na chombo kilichopinduka kikiwa na watu ndani, msikitoboe. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kipande kufika Mwanza, watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama nao. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na fundi wake wa mitambo akatolewa hai siku mbili baadaye, akiwa amepumua hewa iliyobaki ndani. Wenyewe mwaloni fungeni chombo madumu kisizame zaidi, kisha waiteni wazamiaji.

Kumvuta mwenzako

Msiruke kumfuata. Anayezama anapanda juu ya chochote, hata mdogo wake. Mpe kasia ashike. Hafikiki? Mrushie dumu. Dumu tupu kabisa linarudishwa na upepo kabla halijafika, hivyo tia maji kidogo, kama vikombe viwili; linapata uzito wa kuruka na bado linaelea. Lenga nyuma ya mtu, upande wa pili wake, kisha vuta kamba ije imguse mkononi. Hii tuliifanyia mazoezi mpaka wapishi wa kambini wakaiweza.

Akitolewa, hapa ndipo mila ya mwaloni inapoua. Wanambeba begani kichwa chini, wanamviringisha juu ya pipa, wanamkandamiza tumbo maji yatoke. Maji ya tumboni si shida yake, tena yakitoka wakati hana fahamu yanaingia mapafuni. Shida ni kwamba hapumui. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mara 5 mpaka kifua kiinuke. Asipoonyesha uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, puliza mara 2, endelea hivyo hivyo, mkipokezana. Akizinduka mpelekeni hospitali hata akisema yuko salama.

Dhoruba

Ndoo iliyofungwa mbele ya mtumbwi na kutupwa majini ili mtumbwi uelekee mawimbi kichwa mbele: hii inafaa sana, ila si ndoo. Mkono wa waya wa ndoo ya plastiki unachomoka kwenye masikio yake kwa wimbi la tatu au la nne. Tumieni wavu wenyewe. Ukunjeni, ufungwe katikati kwa kamba nene, uachwe mbele ya mtumbwi, mbali kiasi. Unavuta taratibu bila kukatika, na mtumbwi hauchukui wimbi ubavuni. Inauma kuutosa wavu kwenye tope na mawe. Nimewaambia vijana wangu wavu unanunuliwa.

Radi: kufunika kioo au kuvua nguo nyekundu hakusaidii lolote. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikifika 30 kushuka chini, iko ndani ya kilomita 10, geuza urudi. Ukishakutwa katikati, laza mlingoti wa taa, kaa chini kabisa, mikono isiguse maji wala mashine.

Kuonekana na kujua uendako

Filimbi ni ya bei ndogo na inasikika mbali kuliko sauti ya mtu, tena haikauki koo. Piga tatu, tulia, piga tatu. CD ya zamani ni kioo kizuri mchana: nyoosha mkono mbele vidole viwili vikiizunguka boti unayoiita, weka CD karibu na jicho, chungulia kwenye tundu lake, igeuze mpaka mwanga wa jua uangukie kati ya vidole. Simu ifungwe ndani ya kondomu, juu yake mfuko wa pili wenye hewa kidogo ili ielee. Namba 112 ni ya dharura, 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. GPS ya simu janja haihitaji mtandao, kwa hiyo jifunze kusoma namba za mahali ulipo kabla hujapotea.

Mbinu ya saa ya mkono, ya kuelekeza mshale kwenye jua ili upate kusini au kaskazini, achana nayo kabisa. Ni ya nchi za mbali na ikweta. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini mwa utosi, miezi mingine liko kusini, na siku nyingi liko karibu na utosi kiasi kwamba halionyeshi upande wowote. Nyota ya Kaskazini nayo haionekani kwetu. Tuna kitu bora: zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, za mkanda wa Orioni. Zinachomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, mwaka mzima. Kuanzia Januari hadi Machi utaziona jioni. Agosti na Septemba, kabla ya alfajiri. Juni hazionekani, hapo tegemea Msalaba wa Kusini, zile nyota nne za upande wa kusini zilizokaa kama msalaba.

Maji ya kunywa

Wengi wanacheka nikisema mtu anaweza kuugua kiu ziwani. Ukitupwa kisiwa kisicho na watu, maji ni mengi na kipindupindu na homa ya matumbo vimo.

Chupa ya mchanga na mkaa inatoa maji maangavu, haitoi maji salama. Vijidudu vinapita. Kuna vichujio vya mchanga vinavyoua vijidudu kweli, lakini vinategemea utando hai unaojijenga juu ya mchanga kwa wiki kadhaa, si kwa mchana mmoja. Kile cha kuchimba shimo na kufunika nailoni ili upate matone ya mvuke kitakupa chini ya lita moja kwa siku, ukiwa umetoka jasho zaidi ya hapo.

Mbegu za mlonge zinafaa kwa hatua ya kwanza. Menya mbegu moja au mbili kwa kila lita, zitwange laini, koroga haraka dakika moja, kisha taratibu dakika kadhaa, acha saa moja au mbili. Tope linashuka na vijidudu vingi vinashuka nalo, si vyote. Mimina ya juu kwa uangalifu, kisha chemsha. Yakitokota vizuri dakika moja yanatosha. Hapa kwetu, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na hizo zinaua.

Huna moto? Tumia jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu, ilazwe juani masaa 6. Kukiwa na mawingu mazito, siku 2. Ili ujue kama maji yanafaa kwa njia hii, simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomo wake mpaka chini. Herufi kubwa za kichwa cha habari zikisomeka, endelea. Zisiposomeka, rudi kwenye mlonge.

Sasa lililo la hatari zaidi na halisemwi. Ghuba ya Mwanza ina siku maji yanatanda kijani, yamelala juu kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Ule ukijani unaweza kuwa na sumu, nayo haitoki kwa kuchemsha, wala kwa jua, wala kwa dawa ya maji. Ondoka hapo, chota mbali, penye maji yanayotembea, na chini kidogo ya uso.

Yaliyobaki, kwa ufupi

Kupekecha moto kwa vijiti kunawezekana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaishi nao. Wana mkono wa miaka na miti mikavu wanayoijua. Wewe uliyelowa, kwenye matete ya masika, beba kiberiti kwenye kichupa kilichofungwa, pamoja na vipande vya mpira wa baiskeli. Mpira huo unashika hata ukiwa umelowa, na unawaka muda wa kutosha kukausha kuni za kwanza. Karatasi ya bigijii na betri inatoa mwako wa sekunde tu. Uwe na kitu kikavu sana cha kuupokea.

Nyoka akiuma: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na jiwe la nyoka halivuti sumu. Vua pete na bangili kabla hapajavimba, funga gango kiungo kisitikisike, mgonjwa abebwe, asitembezwe. Mamba akitokea nchi kavu, kimbia moja kwa moja. Kukimbia kwa kupindapinda kunakuchelewesha wewe.

Vitu vyote nilivyovitaja, filimbi, CD, kiberiti, mpira, simu ndogo ya vitufe iliyochajiwa, dawa ya maji na mbegu za mlonge, vinakaa kwenye kindoo kimoja chenye mfuniko wa kukaza katika kila mtumbwi. Mbalamwezi ikiingia na mitumbwi ikipumzika, tunamwaga kila kindoo juu ya turubai na kukagua kimoja kimoja. Madumu tunayazamisha upya kutafuta mapovu, kamba tunazivuta watu wawili wawili. Kilichochakaa kinatoka siku hiyo hiyo, na kipya kinanunuliwa kwa fungu langu mimi, si kwa kukatwa kwenye mgawo wa vijana.